Bomba la Moshi Lililomtisha Koko

Sisi ni ndugu wawili, tunaishi hapa Nakivale na mama yetu pamoja na koko, yaani bibi yetu aliyemzaa mama. Tumetaka kuwaelezea habari ya pikipiki yetu, na hasa ya bomba lake la moshi, lile ambalo mafundi wanaliita ekzosi. Mtaona kwamba si habari ya chuma tu.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, ni ya zamani kuliko sisi wote wawili. Honda walianza kuuza aina hiyo miaka ya 1970, na waliitengeneza iwe ngumu, iweze kuvumilia barabara mbaya na wenyewe wasioipeleka kwa fundi mara kwa mara. Mjomba wetu aliinunua kwa mzee mmoja mwenyeji wa huku Isingiro. Mjomba alipopata safari ya kwenda Marekani, alikuwa amelifungua lile bomba ili alitengeneze. Nanyi mnajua safari hizi: unangoja miaka, halafu siku moja unaambiwa jiandae. Akatuachia pikipiki, bomba likiwa kando, na mkebe wa maziwa uliojaa nati na bolti zilizochanganyika. Akasema, "Wanangu, mfunge hii, iwasaidie kwa karo."

Sisi tukaona ni kazi ndogo. Bomba linashikwa mahali pawili tu: mbele kwenye injini, na nyuma kwenye fremu. Tukaanza nyuma kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi, tukakaza mpaka mwisho. Kumbe mbele bomba likakataa kukaa sawa. Tukalivuta kwa nguvu. Gasketi tukarudisha ileile ya zamani, iliyokwisha kubanwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nati moja ikaingia, ya pili ikagoma, tukaongezea waya. Injini ikawaka, tukapiga makofi.

Wiki mbili tulifanya kazi vizuri. Tulibeba mahindi ya watu kwenda kusagisha, tulibeba abiria wa sokoni, na mara mbili tulikimbiza wagonjwa kwenye kituo cha afya. Halafu jioni moja, tukiwa tunashuka kile kimlima cha kwetu, tulipoachia mafuta bomba likaanza: pa! pa! pa-pa-pa!

Tulipofika nyumbani, koko hakuwa kwenye kiti chake. Tulimkuta ndani, chini ya kitanda, amemfunika kwa mwili wake mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza hapo uani. Mtoto analia, koko amemziba mdomo asisikike. Jirani mwenyewe alikuwa amefunga mlango na watoto wake wengine, taa imezimwa. Sisi tulitoka Masisi kwa miguu, na koko alikwisha kukimbia zaidi ya mara moja kabla ya hapo. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Wengi wenu mnaujua huo mlio.

Mama hakutupigia kelele. Alimtoa koko, akampa maji, kisha akatuambia taratibu, "Wanangu, hiyo kitu haitawaka tena katika ua huu."

Hapo ndipo tulipogombana sisi kwa sisi. Mkubwa alisema iuzwe kama chuma chakavu, yaishe. Mdogo akasema, na karo ya muhula ujao itatoka wapi? Tukakaa siku tatu bila kusemeshana vizuri. Siku ya nne tukamtumia mjomba ujumbe wa sauti kwa simu. Akauliza, "Mlianza kukaza wapi?" Tukasema nyuma. Akacheka sana. Tulipomweleza habari ya koko akanyamaza, maana koko ni mama yake. Kisha akasema, "Nami nililifungua kwa sababu hiyohiyo. Lilikuwa limeanza kupiga, nikaona mama anashtuka. Nilipaswa kuwaambia. Nendeni kwa yule mzee fundi wa sokoni."

Mzee fundi ni Mrundi, anafanya kazi chini ya mwembe. Hakugusa spana. Alitandika gunia, akatuambia tumwage ule mkebe na kupanga vyote kwa mfuatano. Kwenye injini kulikuwa na bolti mbili zisizo na kichwa, zimechomoza pale moshi unapotokea. Kisha gasketi ya duara. Kisha vipande viwili vya chuma kama nusu mwezi, vinavyokumbatia shingo ya bomba. Kisha kile chuma chenye matundu mawili kinachobana vyote, na nati zake mbili. Nyuma ni bolti moja kubwa na washa zake. Sisi nusu mwezi moja hatukuwa tumeiweka kabisa! Tulidhani ni takataka.

Akatueleza na ule mlio. Pakiwa na mwanya pale mbele, ukiachia mafuta wakati wa kushuka, bomba linavuta hewa ya nje. Hewa hiyo inakutana na petroli ambayo haikuungua, ndani ya bomba la moto, basi inalipuka. "Injini yenu ni nzima," alisema. "Ni huo mwanya mdogo tu."

Bolti moja ilikuwa imeliwa na kutu, na sisi tuliipinda kwa ile nguvu yetu. Tukataka kuizungusha kwa koleo. Mzee akatukataza: injini pale ni ya aluminiamu, na bolti ikikatikia ndani utajuta. Akatia mafuta ya taa kwenye mzizi wake, injini ikiwa baridi na moto uko mbali, akasema turudi kesho. Kesho yake akafungia nati mbili juu ya ile bolti, akazikaza zikabanana zenyewe kwa zenyewe, kisha akazungusha ile ya chini. Bolti ikatoka polepole, nzima. Tulishangaa, bwana.

Gasketi tuliagiza Mbarara, tukampa dereva ile ya zamani ailinganishe. Haikuwa shida, kwa kuwa Wachina wanatengeneza injini nyingi za kuiga hiyo ya Honda.

Siku ya kufunga, mzee alituachia sisi tufanye, yeye anatazama. Gasketi mpya ndani, ikishikwa na grisi kidogo isidondoke. Nusu mwezi zote mbili. Chuma cha kubana. Nati zote mbili kwa vidole tu, bila spana. Ndipo bolti ya nyuma, nayo kwa vidole. "Sasa mtikise bomba," akasema. Likacheza kidogo, likajikalia lenyewe mahali pake. Baada ya hapo tukakaza mbele kwa spana namba 10, kidogo huku, kidogo kule, ili chuma kishuke sawasawa. Nyuma tukakaza mwisho kabisa. Ukianza na nyuma, bomba linakaa limejipinda, linavuta siku zote mpaka lipate mwanya au lipasuke. Tukawasha, tukaacha lipate moto, tukazima. Lilipopoa tukakaza tena mara moja, kwa sababu gasketi mpya hukaa baada ya kupata joto. Ule waya tuliutupa.

Kurudi nyumbani tuliisukuma kwa mikono. Tulimwomba koko ruhusa. Alikaa nje, ameshika mkono wa mama, akasema, "Haya, washeni." Tukawasha, tukaongeza mafuta, tukaachia. Mara tatu. Pu-pu-pu-pu, hakuna mlipuko. Koko alisikiliza kama mtu anayesikiliza mgeni mlangoni. Mwishowe akasema, "Hii inakohoa tu. Iache iishi." Tukamtumia mjomba sauti yake.

Hatusemi koko amepona. Bodaboda nyingine zikipita zikipiga, bado anashtuka, na usiku bado anaamka. Kwa hiyo tumejiwekea sheria: jioni tunazima injini pale kwenye mti, tunasukuma mpaka nyumbani. Karo ya muhula huu imelipwa, na sisi ndugu tunasemeshana.

Vijana wenzetu wenye pikipiki, tunawaomba: bomba lako likianza kupiga, usiseme ni mchezo, na usilitoboe makusudi ili lilie. Tafuta gasketi, panga vyuma vyako kwenye gunia, anza mbele, malizia nyuma. Ni kazi ya asubuhi moja bolti zikiwa nzima. Katika hizi nyumba zetu kuna watu walioikimbia hiyo sauti mbali sana, na wamefika hapa wapumzike.