Daftari la Mama Lashonwa Upya

Hebu yatazame madaftari ya watoto hapo nyumbani. Pini zikishika kutu, karatasi huchomoka. Ndivyo lilivyokuwa daftari ambamo marehemu mama aliandika hadithi za kwao.

Kulishona si kazi ngumu. Zing'oe pini polepole. Mkunjo uliochanika uunge kwa ukanda wa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano. Selotepu, aka, huacha madoa ya manjano. Toboa mashimo matano, upitishe uzi uliopakwa nta ya mshumaa, ukianzia shimo la kati na kufunga fundo papo hapo.

Jalada letu ni kadibodi. Binti yangu alilipiga chapa ya fisi kwa kiazi alichokichonga, kisha akaniuliza mbona nyanya hakuumaliza mkasa wa fisi huyo.