Vidonge ndani ya mahindi

Nasema kwa haya, mimi mwalimu: nilitia vidonge vya fosfini ndani ya mifuko minne ya mahindi, katika chumba walicholala watoto. Usiku mdogo akatapika, pumzi ikamkatika. Tukamtoa inje mbio, na mifuko pia. Alipona, namshukuru Mungu.

Kisha juma moja wadudu walikuwa wangali wanatembea! Kidonge kinatoa gazi, na mfuko wa kusukwa unaiachilia yote. Mdudu anayepata kidogo hafi; wale wagumu wanabaki, ndio wanaozaa. FAO ilipima wadudu wa depo katika nchi 82, mwaka 1972 na 1973: karibu kundi 1 kwa 10 lilikuwa tayari na wadudu waliozoea gazi hiyo. Kuongeza vidonge kwa mfuko ule ule ni kuwaongezea watoto sumu.

Sasa nakausha mahindi mpaka punje ilie kwa meno, najaza bidoni hadi juu, nafunga kabisa. Wadudu wanamaliza hewa wenyewe, wanakufa. Sifungui mbele ya juma tatu kupita. Bidoni iliyobeba dawa ya shamba, hapana. Zangu mbili nilinunua kwa pesa ya likelemba.