Intaneti ya geto: pima kwanza, lawama baadaye

Leo naongea na nyie mliopanga nje ya kampasi mkachangishana hela ya ruta, kisha kila jioni mnanuniana kwa sababu intaneti inatambaa.

Tuanze na hesabu. Sisi geto tuna kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde. Wengi wakiona 10 wanasoma megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hata mambo yakinyooka kabisa unashusha megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Faili la megabaiti 700 litakula dakika tisa na ushee. Hapo hujaibiwa na mtu.

Sasa yetu ilikuwa chini ya hapo mno, na wenzangu wakampata mchawi: jamaa wa chumba cha mwisho, eti usiku anashusha muvi. Ikasemwa mwezi ujao atolewe kwenye mchango na paswedi ibadilishwe. Jamani, mtu yuko mwaka wa tatu, anamalizia risechi, bumu limeshakata, unamzimia intaneti aende wapi? Nikawaambia kabla ya hukumu tupime.

Tukazima kila kitu, tukachomeka laptopu moja kwenye ruta kwa waya. Ikaja 9.6. Kipimo hiki ndicho kinachoamua kesi: kwenye waya ikiwa poa, kampuni imeleta ulicholipia, ugonjwa uko ndani ya nyumba.

Halafu tukapima waifai chumba kwa chumba, vifaa vya mtuhumiwa vikiwa vimezimwa mezani, kila mtu anaviona. Sebuleni 4. Chumba chake haikufika hata 1! Kumbe anayesingiziwa ndiye aliyekuwa anaumia kuliko wote. Kimyaaa. Mmoja tu ndiye aliyemwomba radhi, wengine wakajichekesha.

Mchawi mwenyewe ni mahali pa ruta. Ilikuwa sakafuni, nyuma ya friji. Mawimbi hayapenyi chuma, na ukuta wa zege nao unayapunguza sana. Tukaipandisha juu ya kabati kwenye korido, katikati ya nyumba. Hapo hapo ikapanda.

Kisha chaneli. Masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali lakini yana msongamano, na hata maikrowevu inayatumia. Chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwa programu ya bure ya simu tuliona majirani karibu wote wako 6, na sisi tumo humo humo. Tukahamia 11. Chumba cha mwisho sasa kinapata 7. Ukiwa karibu na ruta tumia 5 GHz, ina kasi zaidi, ila ukuta unaisumbua. Na paswedi msiiandike mlangoni, mtaa mzima utakuwa kwenye mchango wenu bila kuchanga.

Ila kuna siku tatizo liko nje kweli. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na nchi jirani ikayumba. Siku kama hiyo hata ukiipandisha ruta juu ya bati haisaidii. Na ikiwa kwenye waya kasi inashuka kila usiku ikifika saa mbili, pengine wateja ni wengi kuliko njia. Andikeni tarehe, saa na kasi mliyopata kwa siku tatu, ndipo mpige simu kwa kampuni. Ukipiga na namba mkononi wanakusikiliza. Ukipiga na hasira watakuambia zima, washa.

Haya, nawahi pindi la saa nane. Kapimeni.