Mtungi wa Gesi na Fedha ya Kakao

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani. Hali mbaya ya hewa na maradhi ya mikakao yalikuwa yameyapiga mashamba ya Ghana na Kodivaa, na msiba wa wakulima wa Afrika Magharibi ukawa neema ya wakulima wa Kyela. Katika minada ya stakabadhi ghalani watu waliozoea kuhesabu noti za elfu mbili mbili walijikuta wakihesabu mamilioni. Yaliyofuata tuliyaona kwa macho: mabati mapya, pikipiki mpya, ada zilizolipwa kabla ya shule kufunguliwa, na magari. Moja ya magari hayo ni Subaru Impreza yenye turbo, mtumba kutoka Japani, mali ya mpwa wangu.

Kijana huyu alinipigia simu akiwa na ombi. Alitaka kuifungia injini hiyo mfumo wa oksidi ya nitrasi, ile gesi ambayo vijana huiita "nosi" tangu filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 ilipowafundisha kwamba ukibonyeza kitufe barabara yote inakuwa yako. Fedha hakuwa nazo. Aliyekuwa nazo ni mama yake, dada yangu, aliyebakiza akiba ya mwisho ya msimu ule. "Mjomba," aliniambia, "wewe ni daktari, mama anakusikiliza." Udaktari wangu ni wa siasa ya uchumi, na hata kubadilisha plagi humwachia fundi. Lakini sikutaka kumjibu kwa kukemea tu kama wazee tunavyopenda kufanya tusipoelewa jambo. Nilisoma, nikauliza mafundi wawili ninaowaamini, na nilichokipata ni cha kuvutia kuliko nilivyotarajia.

Gesi yenyewe ni ya zamani. Joseph Priestley aliitambua mwaka 1772, na kufikia mwaka 1799 Humphry Davy alikuwa akiivuta mwenyewe na kuwavutisha rafiki zake, wakacheka mpaka ikaitwa gesi ya kuchekesha. Baadaye madaktari wa meno waliitumia kuondoa maumivu, na hadi leo kina mama wengi wa Uingereza huivuta, ikiwa imechanganywa na oksijeni, wakati wa uchungu wa kujifungua. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliiingiza katika injini za ndege zilizoruka juu sana, ambako hewa ni nyepesi. Hapo ndipo lilipo somo lote. Injini hupata nguvu kwa kuunguza mafuta, na mafuta hayaungui bila oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 23 hivi kwa uzito, ilhali oksidi ya nitrasi ina asilimia 36. Ndani ya silinda, joto likifika nyuzi 300 hivi, gesi hiyo huvunjika na kuiachia oksijeni yake. Isitoshe, inapotoka katika mtungi ikiwa kimiminika hugeuka mvuke kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo huipoza hewa inayoingia na kuifanya nzito zaidi.

Wakazi wa huku wanaijua nusu ya somo hili bila kulisoma. Dereva anayetoka Uyole, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, akapita Tukuyu na kuteremka hadi Kyela, karibu na ziwa lililo mita 475 hivi, huhisi gari lake limechangamka. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na huirudisha unaposhuka. Ziwa Nyasa linatupa oksijeni ya bure, ingawa joto letu linaichukua kiasi.

Basi mtungi huo una ubaya gani? Gesi peke yake si hatari kubwa kwa injini. Hatari ni oksijeni kuzidi mafuta. Oksijeni ikiongezwa lazima petroli nayo iongezwe kwa kipimo chake, muda wa cheche urudishwe nyuma kidogo, na plagi ziwe za kuhimili joto. Fundi akikosea, au pampu ya petroli ikichoka katikati ya safari, mchanganyiko huungua kwa mlipuko wa ghafla badala ya kuwaka kwa mpangilio, na pistoni hutoboka au kuyeyuka. Ndiyo maana mfumo mzuri una swichi inayoiruhusu gesi pale tu pedali inapokuwa chini kabisa na injini imekwisha kushika kasi. Mpwa wangu alikuwa ametafutiwa mtungi na nozeli na mtu wa mjini. Nilipomuuliza kuhusu swichi hiyo alinyamaza. Nilipomuuliza kuhusu pampu alisema itatazamwa baadaye.

Halafu kuna jambo la Kyela yenyewe. Oksidi ya nitrasi hukaa mtunginu kama kimiminika mradi joto lisipite nyuzi 36.4. Likipita hapo, kimiminika hakipo tena, na shinikizo hupanda kwa haraka. Mtungi huo ungekaa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani Kyela mwezi wa Novemba. Mtungi halali una vali ya kujifungua shinikizo linapozidi. Mtungi wa kuokoteza, sijui nani ataapa juu yake.

Na hesabu ya mwisho, ambayo ndiyo iliyomgusa dada yangu nilipomweleza: mtungi wa kilo 4.5, ukitumika kuongeza nguvu za farasi 100, huisha kwa takriban dakika moja na nusu. Aliniuliza mara mbili kama nimesema dakika au saa. Kisha akauliza unajazwa wapi. Nikamwambia si Kyela.

Najua wapo watakaosema huu ni upuuzi wa kijana mmoja. Siafiki. Kijana huyu anajua kuhusu injini mambo ambayo hakuna aliyemfundisha darasani, na hana uwanja wowote wa kuyajaribia isipokuwa barabara ya lami ya Kikusya, Ipinda na Matema, inayopita katikati ya mashamba ya mpunga, yenye baiskeli, watoto wa shule na ng'ombe. Hata katika mbio za magari zinazosimamiwa na FIA mambo haya yana mipaka: kanuni zao za magari ya rali huruhusu hewa pekee ichanganywe na mafuta. Tena, kabla ya kumcheka, tujiulize sisi wakubwa tuliifanyia nini bei ile ya mwaka 2024. Ilikuwa nguvu iliyotoka katika mtungi wa mtu mwingine. Hatukuwa tumeongeza mikakao wala kujenga viwanda. Kakao yetu iliendelea kuondoka ikiwa punje, na bei yake iliendelea kuamuliwa London na New York. Mwaka 2025 bei ikaporomoka. Waliokopa kwa kutegemea msimu mwingine kama ule ndio sasa wanaosikia injini ikigonga, na sijawasikia viongozi wa vyama vya msingi wala wabunge wakizungumzia jambo hilo kwa kipimo walichokitumia kujisifia bei ilipopanda.

Dada yangu aliamua mwenyewe, bila kusubiri ushauri wangu zaidi. Fedha ya mtungi hakutoa. Alitoa fedha ya breki, kwa kuwa alikwisha kupanda gari hilo kuteremka kutoka Tukuyu na alisikia linavyolia kwenye kona. Salio alinunulia miche ya kakao ya kujazia mapengo shambani. Mpwa wangu amefunga breki, nami nimemshukuru. Mtungi, hata hivyo, alikwisha kuulipia malipo ya awali kwa fedha yake mwenyewe, na mtu wa mjini hataki kuirudisha. Nimemwomba mambo matatu: asiufunge bila swichi na pampu, asiuache juani, na asiujaribu barabara ya Matema. Mawili ya kwanza ameyakubali papo hapo. La tatu alisema, "Nimekusikia, Mjomba," na sisi sote tunajua jibu hilo huku kwetu lina maana gani.