Tubaba tunarudia

Mwaka 2008 nilikuwa na umri wa miaka minane, na sinema yetu pale Kikula, mjini Likasi, ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi sita, televisheni moja na jenereta nje ya mlango. Mtoto alilipa franka hamsini. Aliyebeba mdogo wake mgongoni alilipa ya mtu mmoja. Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya watoto, na filamu iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa Blanche-Neige, katika diski iliyonakiliwa Lubumbashi. Diski ilisema Kifaransa. Sisi tuliokaa mbele hatukuwa na Kifaransa cha kutosha kumfuata malkia anapoongea na kioo chake. Kwa hiyo kaka yangu, ambaye mpaka leo namwita Yaya, alisimama kando ya televisheni, akapunguza sauti, akaisema filamu nzima kwa Kiswahili cha kwetu. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Mwaka jana nilisimulia habari hii katika semina ya tafsiri. Mwalimu akaniuliza: huyo kaka yako neno «nains» alilitafsiri vipi? Nikajibu: «Tubaba.» Darasa likacheka. Mwalimu akauliza tena, kwa upole, kwa nini hakusema «mbilikimo», neno lililomo katika kamusi. Nilijibu vibaya siku ile. Nilisema alikuwa mtoto, hakuwa na kamusi. Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kutoa.

Nianze na filamu yenyewe. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya katuni kutoka studio ya Walt Disney, na wakati inatengenezwa watu wengi wa Hollywood waliiita wazimu wa Disney, kwa kuwa hawakuamini kwamba mtu mzima angekaa zaidi ya saa nzima kutazama michoro. Iligharimu karibu dola milioni moja na nusu. Mamia ya wachoraji walifanya kazi hiyo kwa miaka, picha moja baada ya nyingine. Wanawake wa chumba cha wino na rangi walinakili kila mchoro juu ya karatasi angavu, kisha wakaupaka rangi kwa mkono. Mwaka 1939 Walt Disney alipewa tuzo maalumu ya Oscar: sanamu moja kubwa na nyingine saba ndogo.

Kilichonigusa mimi niliposoma habari hizi ni sauti. Msichana aliyemsemea Blanche-Neige kwa Kiingereza, Adriana Caselotti, hakuandikwa jina lake kwenye filamu. Wenzake waliowasemea wengine hawakuandikwa pia. Ilitakiwa mtazamaji aamini kwamba mchoro unasema wenyewe. Kwa Kifaransa filamu hiyo ina sauti tatu: ya 1938, ya 1962 na ya 2001. Sauti ya 1962 ilikuwa ya Lucie Dolène. Kaseti za video zilipoanza kuuzwa, alikwenda mahakamani kudai haki yake juu ya sauti hiyo, akashinda. Katika toleo la 2001 sauti yake haimo tena, amewekwa mwingine. Diski yetu ya Kikula, nilipoilinganisha baadaye, niligundua ni ya 2001. Kumbe hata Kifaransa tulichokipunguza ili tumsikie Yaya kilikuwa kimeshachukua nafasi ya sauti nyingine.

Kazi ya Yaya haikuwa ngeni. Enzi za Wabelgiji, filamu zilipoonyeshwa kwa wafanyakazi kambini, mara nyingi kulikuwa na mtu wa kuwaeleza watazamaji kwa lugha yao. Dar es Salaam, Lufufu alijulikana kwa filamu za nje alizozisema kwa Kiswahili juu ya kaseti. Nairobi wanaye DJ Afro, na Kampala wapo wengi wanaosema kwa Kiganda. Kwa hiyo mwanaisimu anayetaka kujua filamu moja ina matoleo mangapi ya lugha asitafute kwenye jalada la diski peke yake.

Sasa nirudi kwenye «tubaba».

Kwanza, «mbilikimo». Katika kamusi neno hili lina maana ya mtu mfupi sana. Lakini katika nchi yetu linawaelekea watu walio na majina yao: Bambuti wa Ituri, Bambote wa Tanganyika. Hao si viumbe wa hadithi. Wana mashamba, wana kesi mahakamani, wana watoto shuleni. Yaya hakuyafikiria hayo yote akiwa na miaka kumi na mitano, lakini alijua kwamba vile vizee vyenye ndevu kwenye televisheni havikuwa kabila la mtu.

Pili, sarufi. Kiswahili sanifu kinapunguza kwa ki- na vi-: kitoto, vitoto. Kiswahili cha Katanga kimeshika ngeli ya 12 na ya 13, kama Kiluba na Kibemba kinavyofanya: katoto, tutoto. Ngeli hizi hupunguza umbo, na mara nyingi huongeza huruma. Mama anayesema «katoto kangu» hasemi habari ya kimo tu. Ukichukua «baba», neno la heshima, ukalitia ka-, unapata mtu mzima aliye mdogo, mwenye ndevu zake na kazi yake, anayestahili salamu. Hilo ndilo hasa wachoraji wa Disney walihangaika kulichora kwa miaka mitatu. Yaya alilipata kwa silabi moja.

Hakuwa na usahihi kila mahali. Malkia alimwita «bibi ya baba», yaani mke wa baba, na hakulitaja kabisa neno la mama wa kambo. Lakini hata ndugu Grimm walibadili mahali hapohapo: katika kitabu chao cha 1812 malkia ni mama mzazi wa msichana, na katika toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Kuhusu theluji, Yaya aliiacha. Jina lilibaki Blanche-Neige, nasi tulilitamka «Blanshineji», bila kujua kwamba ndani yake kuna kitu kinachoanguka kutoka mbinguni. Tofaa aliliita «pome», kwa sababu lilikuwa linaonekana, jekundu, na mtafsiri wa filamu hawezi kubishana na picha. Msichana alipolipokea, benchi zote zilipiga kelele: «Usikule! Usikule!» Kiswahili sanifu kingesema «usile». Sisi ile ku- hatuiachi, hata wakati wa hatari.

Sehemu iliyotufurahisha kuliko zote ilikuwa ya mgodi. Nadhani hakuna mji ambao watazamaji wake wangeiangalia kama Likasi. Katika kitabu cha Grimm wale saba wanachimba mawe ya madini milimani. Disney aliwapa vito vinavyong'aa. Sisi tulikuwa watoto wa mji wa shaba na kobalti, na nusu ya baba zetu walikuwa wamepoteza kazi ya kampuni, wakaanza kuchimba wenyewe kwa sururu. Jumamosi moja baba yangu alikuja kunitafuta, akasimama mlangoni wakati wa sehemu hiyo. Aliona mmoja akifunga ghala la mawe kisha akitundika ufunguo papo hapo pembeni ya mlango. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauliza swali ambalo sijalikuta katika kitabu chochote juu ya filamu hii: «Na nani ananunua?» Kweli, katika filamu nzima hakuna mnunuzi. Hakuna mizani. Wanachimba, wanapima kwa jicho, wanaweka ndani, saa inalia, wanatoka.

Wanapotoka, wanapita juu ya gogo wakifuatana, jua likizama. Hapo Yaya alikuwa na desturi. Alisema: «Tubaba tunarudia ku nyumba», kisha akaanza kuwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, nasi tukihesabu naye. Wa mwisho hakumhesabu yeye. Alimwachia rafiki yake aliyelinda jenereta nje, ambaye alitia kichwa mlangoni na kupaza sauti: «Njo saba!» Kila Jumamosi walikuwa saba, na kila Jumamosi tulipiga makofi kana kwamba kulikuwa na shaka.

Sinema ile ilifungwa watu walipopata simu zenye video. Yaya na rafiki yake walikwenda machimbo. Mimi nilipelekwa chuo, na sehemu ya ada yangu imetoka katika mawe hayo, jambo ambalo sina budi kulisema hapa. Nilipokuwa mwaka wa pili, mwezi Januari, baada ya mvua ya siku tatu, shimo moja nje ya mji liliporomoka. Yaya alikuwa juu anavuta kamba. Rafiki yake alikuwa chini.

Agosti iliyopita nilimwomba Yaya aiseme filamu tena, nirekodi kwa ajili ya tasnifu yangu. Kwanza alikataa. Alisema amesahau, tena ana sauti mbaya siku hizi kwa sababu ya vumbi. Nilinunua Simba moja baridi, nikaweka kompyuta juu ya meza, akakaa. Hakuwa amesahau. Bibi ya baba alikuwa yuleyule, kioo kilikuwa na sauti ileile ya puani, na watoto wa jirani wakajaa mlangoni bila kuitwa.

Tulipofika kwenye gogo alisema: «Tubaba tunarudia ku nyumba.» Kisha akanyamaza. Walipita wote saba. Katika rekodi yangu hapo kuna muziki peke yake, na mtoto mmoja anakohoa. Sehemu iliyofuata akaendelea kama kawaida. Usiku, watoto walipokwisha kwenda, nilimuuliza: «Yaya, juu ya nini haukuhesabu?» Akasema: «Unayua.» Tukaishia hapo.

Niliporudi chuoni nikaanza kuandika maneno yake mstari kwa mstari, na chini ya kila neno kuonyesha viambishi vyake, kama tulivyofundishwa. Kazi ilikwenda vizuri mpaka neno «tunarudia». Kiambishi tu- cha ngeli ya 13 na tu- ya nafsi ya kwanza wingi vina umbo moja. «Tutoto tunacheza» ni wao. «Shiye tunacheza» ni sisi. Mtenda akitajwa mbele, hakuna utata, na katika sentensi ya Yaya ametajwa: ni tubaba. Kwa hiyo kanuni iko wazi: ngeli ya 13. Niliandika hivyo, nikaendelea.

Lakini niliporudia rekodi nilisikia kitu. Baada ya «tubaba» Yaya anatulia kidogo, kama mtu anayeweka jina pembeni. Kisha anasema «tunarudia ku nyumba» kwa pumzi moja. Nilirudia mara nyingi. Nikakumbuka benchi za 2008. Wakati ule sisi watoto, baada ya «Njo saba!», tuliinuka tukaondoka tukiwa mstari mmoja, tukisema maneno hayohayo njia nzima mpaka nyumbani: tunarudia, tunarudia. Hatukuwa na mtenda wa kutaja. Tulikuwa tunasema habari zao au zetu? Nadhani kama mngetuuliza tusingeelewa swali.

Hili ndilo jibu langu kwa mwalimu. «Mbilikimo wanarudi nyumbani» ni sentensi safi, na inamweka mtazamaji upande wake na wachimbaji wale upande wao. «Tubaba tunarudia» haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Sikatai kamusi. Nasema tu kwamba lugha tunayoambiwa ni ya sokoni ina kiungo ambacho lugha ya kamusi haina, na kiungo hicho kilibeba filamu ya Los Angeles mpaka ndani ya nyumba zetu. Katika tasnifu, chini ya tu- nimeweka tafsiri zote mbili, ngeli ya 13 na nafsi ya kwanza wingi, na maelezo ya mistari minne. Najua nitaulizwa siku ya kutetea.

Limebaki jambo moja. Kwa kawaida tunawaandika wasemaji wetu kwa herufi: Msemaji A, Msemaji B. Ni kanuni nzuri, inawalinda. Yaya aliponiuliza kama jina lake litaandikwa nilimweleza kanuni hiyo. Nikamweleza pia habari ya Caselotti, ambaye jina lake halikuandikwa, na ya Lucie Dolène aliyekwenda mahakamani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Basi andika. Na ya mwenzangu pia, ule wa jenereta. Saba alikuwa anasema yeye.»

Nimewaomba wazazi wa marehemu, wamekubali. Nimeandika ombi kwa anayesimamia tasnifu yangu, ili majina mawili yaingie katika orodha ya wasemaji, la yule aliyesema filamu na la yule aliyesema neno la mwisho la kuhesabu. Kwa kuwa sijajibiwa, hapa sijawataja.