Ndoano ya manyoya ya kuku

Wamama wapendwa wa Pinga,

Sisi tunaokaa kandokando ya mto tunajua namna kitoweo kinavyosumbua nyumbani. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana tunakutana, wamama na wasichana, kufunga ndoano na kupeana mashauri. Twaa ndoano ndogo, unyoya wa shingo ya jogoo na uzi wa kushonea. Zungusha unyoya kwenye ndoano, ukaze kwa uzi, mpaka ufanane na mdudu aliyeanguka majini. Kisha pitisha kamba ya nailoni katika tundu, izungushe mara tano, lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, ili kamba isikatike.

Ufundi huu si wa wanaume peke yao. Kitabu cha kwanza cha Kiingereza kilichochapwa juu ya kuvua kwa ndoano, mwaka 1496, watu wengi wamekihesabu kuwa kazi ya mwanamke, mtawa Juliana Berners. Nacho kinaonya: usitwae samaki wengi mno kwa mara moja.

Onyo hilo linatugusa. Chandarua kikivutwa mtoni kinabeba hata samaki wachanga, na usiku mtoto analala bila kinga ya malaria. Sumu ya majani nayo inaua wakubwa na wadogo pamoja. Mwakani tutapika nini? Ndoano inachukua mmoja mmoja. Wadogo tunawarudisha majini wakue.

Mama mwenye shauri lake, aje nalo Jumamosi. Chandarua kibaki kitandani.