NDEGE GANI TUNATAKA MWAKA HUU?

Wengi wanatuuliza: « Ninyi batu ba ndeke, juu ya nini muko naongea-ongea tu, hamuruke? » Swali hili ni la haki. Tangu mwezi wa tisa ndege yetu haijatoka ndani ya depo, na wakati wa rekreasio mnatusikia tunabishana chini ya mwembe kama wauzishaji wa samaki. Basi tumeomba ukurasa huu kwa kueleza sababu. Tuko na feza ya kununua kitu kimoja, na hatupatani ni kitu gani.

Kwanza mjue sisi ni nani. Kikundi chetu cha ndege ndogo kiko na watu 14, wasichana watano na wavulana tisa, kutoka kelasi ya saba mpaka finalisti. Tangu miaka miwili tunauzisha karanga na maji baridi siku za mpira, na sasa tumefikisha dola 146. Ndege yetu ya kwanza ilikuwa ya bua la rafia, ya kutupa kwa mkono tu. Ya pili ni ile nyeupe mliyoiona ikizunguka juu ya uwanja mwaka uliopita. Tuliikata katika frigoliti iliyokuwa imefunga televizio. Telekomande yake tulipewa na mwanafunzi wa zamani wa masomo yetu anayetumika Zambia. Ni telekomande nzuri ya njia nne, na ingali nzima. Kilichokufa ni moteri. Vumbi la kiangazi liliingia ndani ya bilia zake, ikaanza kulia kama mbuzi, na mwezi wa tisa ikakataa kabisa.

Kwa wadogo wetu wa kelasi ya saba wanaofikiri kwamba ndege inavutwa na kamba isiyoonekana, tueleze kiloko. Telekomande inatuma habari kwa njia ya redio. Ndani ya ndege kuna kisanduku kinachopokea habari hiyo na kuigawanya: njia moja kwa nguvu ya moteri, nyingine kwa kipande cha mkia kinachopandisha na kushusha, nyingine kwa kipande kinachogeuza kushoto na kuume, na ya nne kwa vipande vya mabawa. Kila kipande kinasukumwa na moteri ndogo sana inayoitwa servo. Zamani redio hizi zilikuwa na kristali, na kila kristali iko na njia yake. Watu wawili wakiwasha njia moja pamoja, ndege zote mbili zinaweza kuanguka. Kwa hiyo katika viwanja vya Ulaya na Marekani walitundika ubao wenye vibanio vya nguo: asiye na kibanio cha njia yake mkononi hana ruhusa ya kuwasha. Siku hizi redio nyingi zinatumia gigaherzi 2,4 na zinatafuta nafasi zenyewe. Vibanio vimerudi kwa kamba ya nguo.

Tamaa hii si ya jana. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha huko Paris ndege ndogo iliyosukumwa na lastiki iliyosokotwa. Ilikwenda karibu meta 40 kwa sekunde 11. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, waliongoza ndege yao kwa redio. Waliiita Guff. Na mwaka 2003 mzee mmoja, Maynard Hill, ambaye macho yake yalikuwa karibu yamekufa na masikio yamedhoofika, alituma ndege ya chini ya kilo 5 kutoka Kanada. Ikavuka bahari ya Atlantiki peke yake, ikatua Ireland nyuma ya saa 38 na dakika 52. Ni kilometa zaidi ya 3000, karibu kama kwenda Kinshasa na kurudi hapa Lubumbashi. Tuliposoma habari hiyo, hatukulala vizuri.

Turudi kwa mabishano yetu. Wapenda ndege ndogo wa dunia nzima wanafanana kwa jambo moja: kila mwaka wanaandika orodha ya ndege wanazotaka viwanda viwatengenezee, na kila mwaka viwanda vinawaletea tena Spitfire na Mustang. Hatusemi kwamba ni ndege mbaya. Lakini mwana wa Katanga aliona wapi Spitfire? Sisi tunataka zile tunazozijua, zinazopita juu ya vichwa vyetu au zilizopita juu ya vichwa vya babu zetu.

Wamoja wetu walitaka DC-3. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1935, na Sabena iliitumia hapa wakati wa Wabelgiji. Ni nzuri kwa macho, hakuna anayekataa. Lakini iko na moteri mbili. Maana yake bei ya moteri mara mbili, na moteri moja ikinyamaza, ndege inageukia upande wake na kwenda chini. Wengine walitaka Let 410, ile ya Wacheki, kwa sababu imebeba Wakongo wengi sana pamoja na mbuzi wao. Nayo ni ya moteri mbili. Tukaiacha.

Kisha mwenzetu mmoja wa Likasi akasimama na kusema: « Tununue Fouga. » Hapo pakawa moto. Fouga Magister ni ndege ndogo ya jeti ya Ufaransa, mkia wake ni kama herufi V. Mwezi wa tisa wa 1961 Fouga moja ya Katanga ilitisha majeshi ya Umoja wa Mataifa, na ilishambulia askari wa Ireland waliozungukwa Jadotville, yaani Likasi. Mwenzetu anasema ndiyo jeti ya pekee iliyo na historia ya kwao. Ni kweli. Lakini msichana mmoja wa kelasi yake akamjibu kwa sauti ya chini: « Nkambo yangu alikimbia na mtoto mugongoni sauti ile ikipita. Mukiileta hapa masomo, mimi natoka mu kikundi. » Tulinyamaza kwa muda. Tulipoanza tena kuongea hatukuongea juu ya mkia wa V wala juu ya turbini. Fouga imeanguka bila kuruka, na sisi tunaona ilistahili.

Kuna sababu nyingine pia ya kukataa ndege ya vita, na tunawaomba mtusikilize vizuri. Mwaka uliopita askari wawili walituona pale uwanjani wakauliza kama tuko na droni. Walikuwa na haki ya kuuliza. Katika nchi yetu neno hilo si mchezo: tangu mwezi wa 12 wa 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha droni Goma kwa kuchunguza, na kiisha zikaja nyingine zinazobeba mabomu. Kitu kinachoruka bila mtu ndani kinaogopesha. Kwa hiyo Prefe wetu alituwekea masharti, nasi tunayashika: hakuna kamera, hakuna kupita ukuta wa masomo, hakuna kuruka bila barua yenye muhuri, na mbali kabisa na uwanja wa Luano. Tena ndege ipakwe rangi kali, manjano na nyekundu, hata mtu wa mbali ajue kwamba ni kitu cha watoto. Ndege ya vita ya rangi ya majivu ingetufungia kikundi siku moja tu.

Ikabaki Cessna 206. Kila mtu anayetoka Mitwaba au Moba anaijua, au jamaa yake: moteri moja mbele, mabawa juu ya kichwa, mlango mkubwa wa mizigo ubavuni. Misioni nyingi za Kiprotestanti zilibeba nayo wagonjwa, dawa na vitabu, hata wengine wetu waliona daraja la kwanza la ndege wakiwa watoto wa pastori. Mabawa yakiwa juu na mwili ukining'inia chini, ndege yenyewe inapenda kurudi sawasawa ikiinama. Hiyo ni faida kubwa kwa piloti wa miaka kumi na minne. Na Lubumbashi iko juu ya meta 1200. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, imepunguka zaidi ya sehemu moja ya kumi. Elisi inashika kidogo, bawa linabeba kidogo. Ndege iliyoandikwa kwenye karatoni « inaruka polepole » hapa inakimbia. Tunahitaji bawa pana na uzito mdogo. Na magurudumu makubwa, sababu uwanja wetu mnaujua.

Basi tulipatana juu ya Cessna. Mngefikiri kwamba mambo yamekwisha, lakini ndipo yalipoanza.

Finalisti, ambao ni watano, walisema: tununue Cessna iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, ya kufungua karatoni, kufunga mabawa na kuruka. Wao wameuzisha karanga miaka miwili. Mwezi wa saba wanatoka, mmoja kwenda Kolwezi, wengine hawajui wapi. Kama tunajenga polepole, wataona ndege yao siku gani? Maneno hayo yalituuma, maana ni ya kweli. Wadogo wakajibu: ndege ya kiwanda ikianguka mara moja, dola 146 zimekwisha, na sisi tutabaki miaka minne tukiuzisha tena karanga. Afazali tununue moyo wa ndege peke yake, yaani moteri, regulateri, servo nne, batri mbili na chaja, na mwili tuukate wenyewe kwa frigoliti. Mwili ukivunjika Jumamosi, Jumatano tuko na mwingine. Frigoliti ya kufungia mizigo haina uzito: meta kibiki moja ni kilo karibu 20 tu, na watu wanaitupa bure.

Juu ya batri, mwalimu wetu wa kemia alituonyesha kitu ambacho hatukukitazamia. Batri za ndege hizi zinaitwa lipo. Kila chumba chake kinatoa volti 3,7. Vyumba vitatu vinafanya 11,1. Na ndani ya lipo nyingi muna kobalti. Kobalti! Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika Kongo, na hii yetu inapita kila siku ndani ya kamyo kwenda Kasumbalesa, tunazihesabu kutoka dirisha la kelasi. Nyuzi za moteri nazo ni shaba. Inatoka hapa kwa tani, inazunguka bahari, inarudi kama kitu cha gramu 180 tunachokinunua kwa karanga. Mwenzetu mmoja aliuliza kama hatuwezi kuomba kilo moja tu pale njiani. Tulicheka sana, mwalimu naye akacheka, kisha akatupa hesabu ya kufanya nyumbani: gramu ngapi za kobalti kwa batri moja. Hakuna aliyepata jibu kamili, kwa sababu inategemea aina ya batri.

Mama mmoja mfanyabiashara, mzazi wa mwanafunzi, anakwenda Guangzhou mbele ya Noeli, na amekubali kutubebea mzigo. Aliogopa kwamba batri zitakamatwa kwenye ndege. Tulimtafutia sheria: batri ya lithiamu isiyo ndani ya chombo chake haiwekwi katika mzigo wa chini, inabebwa mkononi, na nguvu yake isipite watisaa 100. Zetu ni watisaa 24 hivi. Afunike vyuma vyake na papie kolanti, basi. Sasa anatuamini zaidi kuliko wavulana wake.

Tulipiga kura siku ya posho. Watu 8 walisema tujenge wenyewe, 6 walisema tununue iliyo tayari. Finalisti mmoja alipiga kura pamoja na wadogo, na wenzake wangali wanamwita msaliti, kwa kicheko lakini si kwa kicheko tu. Ili wasipoteze haki yao, tumekubaliana kwamba mwili ukatwe sasa hivi, mbele ya vitu kufika, na kwamba piloti wa safari tano za kwanza watakuwa finalisti watano, mmoja-mmoja, mbele ya mtihani wa Serikali.

Ndege kamili iko na mabawa ya meta 11 karibu. Yetu itakuwa sehemu moja ya nane, ni kusema sentimeta 137. Kwa hiyo tunatafuta vipande virefu vya frigoliti visivyovunjika, vya friji au televizio. Mwenye navyo alete depo mchana, asivikanyage. Tunahitaji pia nyembe, kole nyeupe ya mbao (kole kali inayeyusha frigoliti), na mianzi myembamba ya kutia ndani ya bawa.

Finalisti wameomba kitu kimoja tena. Ndege za nchi yetu zinaandikwa 9S na kistari, kisha herufi tatu. Wanataka herufi hizo ziwe za majina yao. Wao ni watano, herufi ni tatu, na kabla ya kufunga ukurasa huu tunawasikia tena chini ya mwembe.